Tennyson, Browning au Christina Rossetti: umchague nani kwa tasnifu ya ushairi wa enzi ya Victoria?

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kutafiti ushairi wa Kiingereza wa enzi ya Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901, mara nyingi huanza na jina la mshairi, kisha miezi inapita akiwa bado na jina tu. Nashauri aanzie upande wa pili. Shairi limetufikia kwa njia gani? Limepitia matoleo mangapi, nani alilihariri, na miswada yake iko wapi? Washairi watatu ninaowalinganisha hapa wote ni wakubwa, na wote wamehakikiwa kwa zaidi ya karne moja. Kwa mtafiti, kinachowatofautisha zaidi ni aina ya ushahidi waliouacha. Ushahidi huo ndio unaoamua swali gani litajibika na lipi litakushinda.

Ulinganisho wa namna hii ulianza wao wakiwa hai. Mwaka 1864 mhakiki Mwingereza Walter Bagehot aliandika makala ndefu iliyowaweka Wordsworth, Tennyson na Browning katika mafungu matatu: sanaa safi, sanaa iliyorembwa, na sanaa ya maumbo ya ajabu yaliyopotoka. Alikuwa anapima vitabu viwili vya mwaka huohuo, Enoch Arden cha Tennyson na Dramatis Personae cha Browning. Christina Rossetti, aliyekuwa amekwisha kutoa Goblin Market mwaka 1862, hamo katika mizani ile. Mgawanyo wa Bagehot umeacha alama mbaya hadi leo: bado tunasoma tasnifu zinazomchukulia Tennyson kuwa fundi wa sauti asiye na fikra, na Browning kuwa mtu wa fikra asiye na sikio. Ukianza utafiti na dhana hiyo, umekwisha kujifunga kabla hujasoma.

Tennyson: shairi lililoendelea kubadilika

Alfred Tennyson (1809–1892) ameacha karatasi nyingi mno. Rafiki yake Arthur Hallam alifariki ghafla mjini Vienna Septemba 1833, akiwa na miaka 22. Tennyson akaanza kutunga vipande vya maombolezo, akawa anaviandika, anavikata na kuvipanga upya kwa takriban miaka 17. In Memoriam ilitoka 1850 bila jina la mtunzi, na mwaka huohuo akateuliwa mshairi rasmi wa Malkia kujaza nafasi ya Wordsworth aliyefariki. Hata baada ya kuchapwa shairi halikutulia. Sehemu moja iliongezwa 1851, nyingine karibu miaka 20 baadaye, mpaka zikafika 131, mbali na utangulizi na hitimisho.

Chukua sehemu ya 95, ambayo wahakiki wengi huiona kuwa kilele. Mwombolezaji yuko bustanini usiku, anasoma barua za marehemu, na ghafla anaguswa na nafsi iliyo hai. Matoleo ya mwanzo yalisema ni nafsi yake, yaani ya Hallam. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Tennyson akaondoa kimilikishi hicho, ikabaki nafsi hai tu, isiyo na mwenyewe. Je, aliyemgusa ni rafiki au ni Mungu? Mzee wa miaka 60 na ushei alirudi kwenye mstari wa ujanani akafunga mlango aliouacha wazi, au labda akafungua mwingine. Sura nzima ya tasnifu inaweza kusimama juu ya badiliko hilo, na unaweza kulithibitisha kwa kulinganisha matoleo mawili yaliyochapwa, bila kusafiri popote.

Ila angalia toleo unalolitumia. Miswada iliyoko Trinity College, Cambridge, ilitolewa kwa sharti kwamba isinukuliwe. Sharti hilo liliondolewa 1969, mwaka uleule lilipotoka toleo kubwa la Christopher Ricks, kwa hiyo toleo hilo halikuweza kuitumia miswada hiyo ipasavyo. Toleo la pili la Ricks, la 1987, lenye juzuu 3, ndilo lililoiingiza. Maktaba nyingi zina lile la kwanza rafuni, na mwanafunzi hulinukuu akidhani amemaliza kazi.

Msomaji aliyekulia katika tenzi ana jambo la kusema juu ya In Memoriam ambalo mwenyeji wa Oxford huenda asilione haraka. Kila mshororo wa shairi hilo una mizani 8, idadi ileile ya mshororo wa utenzi, na kila ubeti una mishororo 4. Lakini vina vinakwenda kinyume. Katika utenzi mishororo mitatu ya kwanza hufanana kina, na wa nne hubeba kina kinachorudi ubeti kwa ubeti mpaka mwisho. Kina hicho ndicho kinachosukuma hadithi mbele. Tennyson anafanya mshororo wa kwanza ukutane na wa nne, wa pili na wa tatu. Ubeti unafunguka kidogo katikati, kisha unajifunga ulipoanzia, na ubeti unaofuata unaanza upya na vina vingine. Huzuni yake inazunguka palepale, na umbo ndilo linaloizungusha. Mtafiti anayetaka kuendeleza hoja hii akumbuke kwamba Kiingereza hakihesabu silabi peke yake. Kila mshororo una mikazo minne, yaani silabi nne zinazotamkwa kwa nguvu zaidi, na Tennyson huicheza mikazo hiyo kwa makusudi. Asiyejua kupima mikazo ajifunze kwanza.

Onyo moja kuhusu sayansi. Wanafunzi wengi huandika kwamba In Memoriam inamjibu Darwin. Kitabu cha Darwin juu ya asili ya spishi kilitoka 1859, miaka tisa baada ya shairi. Hofu iliyomo ndani yake, ya maumbile yasiyojali viumbe, inatokana na jiolojia ya Charles Lyell (1830–1833) na mijadala ya miaka ya 1840, kikiwemo kitabu cha Robert Chambers cha 1844. Kosa hilo likionekana ukurasa wa tatu wa pendekezo la utafiti, msomaji wa nje hatalisahau.

Ugumu wa Tennyson ni msongamano. Kuhusu imani na shaka katika In Memoriam, T. S. Eliot alikwisha kusema mwaka 1936 kwamba shaka ya shairi ina nguvu kuliko imani yake, na tangu hapo watu wamekuwa wakikubali au kupinga. Kuingia hapo bila ushahidi wa matoleo ni kurudia.

Browning: shairi na jalada la kesi

Robert Browning (1812–1889) anawavutia wanafunzi kwa sababu ya umbo moja: shairi la msemaji mmoja anayezungumza na msikilizaji asiyejibu, na katika kuzungumza kwake anafichua zaidi ya alivyokusudia. "My Last Duchess" ya 1842, yenye mishororo 56, inajulikana na wote. Mwaka 1957 Robert Langbaum alieleza kwamba umbo hili linaishi kwa mvutano kati ya kumwonea msemaji huruma na kumhukumu. Hoja yake ni nzuri, na kwa sababu ni nzuri imetumika hadi imechakaa. Ukileta pendekezo la kuonyesha huruma na hukumu katika mashairi matano ya Browning, unaleta kitabu cha 1957.

Kuna njia mbili bora zaidi. Ya kwanza ni historia ya uchapishaji. "Porphyria's Lover" ilitoka kwanza 1836 katika jarida la Monthly Repository, chini ya jina "Porphyria" tu. Mwaka 1842 Browning aliliweka shairi hilo, pamoja na jingine, chini ya kichwa kinachowataja wasemaji kuwa wamo katika vyumba vya hospitali ya vichaa. Msomaji wa 1836 alikutana na mwuaji anayesema kwa utulivu, bila mtu kumwambia kwamba huyu ni kichaa. Msomaji wa 1842 aliambiwa kabla hajaanza. Maneno ya shairi ni yaleyale, lakini nafsineni, yaani msemaji wa shairi, amebadilika, na ukisoma 1836 peke yake utaona jinsi utulivu ule unavyotisha.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda. Mwaka 1860, mjini Florence, Browning alinunua kwenye meza ya vitu vikuukuu, kwa lira moja, bunda la karatasi za kesi ya mauaji iliyosikilizwa Rumi mwaka 1698: Guido Franceschini alimwua mkewe Pompilia na wazee waliomlea. Kutokana na bunda hilo alitunga The Ring and the Book, iliyotoka kwa juzuu 4 kati ya 1868 na 1869. Ina vitabu 12 na zaidi ya mishororo 21,000, na ndani yake kesi ileile inasimuliwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa ukweli wake. Bunda lenyewe liko Balliol College, Oxford. Lakini mwaka 1908 Charles Hodell alichapisha nakala yake pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na kazi hiyo haina tena hakimiliki. Mtafiti aliyeko Dodoma au Eldoret anaweza kuweka mezani nyaraka za kesi upande mmoja na shairi upande wa pili, akaonyesha mshairi alichukua nini, aliacha nini na aliongeza nini. Ushahidi kamili kiasi hicho juu ya utunzi wa shairi refu ni nadra mno.

Usijaribu vitabu vyote 12. Guido anazungumza mara mbili: katika kitabu cha tano akiwa bado na cheo chake cha ukabaila kwenye kichwa cha habari, akijitetea mbele ya mahakimu, na katika kitabu cha 11 usiku wa kuamkia kukatwa kichwa, cheo kimekwisha, limebaki jina. Soma hivyo viwili pamoja na cha saba, ambacho Pompilia anasema akiwa kitandani anakufa. Inatosha kwa uzamili. Kwa mwanafunzi aliyepitia sheria au aliyewahi kufanya kazi mahakamani, sijui mada inayomfaa kuliko hii.

Christina Rossetti: kaka mhariri na dada aliyepangwa upya

Sasa nije kwa yule ambaye ningemchagua mimi. Christina Rossetti (1830–1894) alizaliwa London katika familia yenye asili ya Kiitaliano. Kaka yake Dante Gabriel alikuwa mchoraji na mshairi, na kaka mwingine, William Michael, alikuwa mhakiki na mhariri. Alikuwa Mwanglikana wa ule mrengo uliokaribia mapokeo ya Kikatoliki, na imani hiyo ilitawala maisha yake yote. Kwa muda mrefu wahakiki walimsoma kama mwanamke mpole mwenye huzuni ya mapenzi yaliyoshindikana.

Sehemu ya picha hiyo ilitokana na uhariri. Rossetti mwenyewe alipanga vitabu vyake kwa uangalifu. Goblin Market and Other Poems ya 1862 ina fungu la kwanza na fungu la mashairi ya ibada, na mpangilio wa kila fungu una mantiki yake. Baada ya kifo chake William Michael alitoa mkusanyiko wa 1904 akiyapanga mashairi yote upya kwa aina na kwa tarehe. Aliwasaidia sana watafiti, maana tarehe nyingi tunazijua kupitia kwake. Lakini shairi lililokusudiwa kusomwa baada ya jingine likajikuta kurasa mia mbali nalo, na msomaji wa 1904 akapewa mashairi kama kumbukumbu za maisha ya mtu. Toleo la R. W. Crump, juzuu 3 zilizotoka kati ya 1979 na 1990, ndilo lililorudisha mpangilio wa mtunzi na kuonyesha tofauti za matoleo na miswada.

Tazama madhara ya kumsoma kwa tarehe. Mwaka 1963 Lona Mosk Packer aliandika wasifu mzima akidai kwamba mashairi ya mapenzi yalimlenga kwa siri mchoraji William Bell Scott, mwanamume aliyekuwa na mke. Ushahidi wa kuthibitisha dai hilo haukupatikana. Ukilipanga shairi kama ukurasa wa shajara, litasomwa kama shajara, na mtu atatafuta jina la kujaza.

Uhakiki wa kifeministi ulimrudisha Rossetti katikati ya mjadala, ingawa haukumtendea haki mara moja. Sandra Gilbert na Susan Gubar, mwaka 1979, walimwona kama mshairi wa kujinyima, mwanamke aliyeuzika uwezo wake kwa jina la utiifu. Naheshimu kazi yao, ila hapa naona walipima dini kwa kipimo cha watu wasio nayo. Jerome McGann, katika makala ya 1983, alionyesha kwamba huwezi kuyaelewa mashairi yake ya kifo bila kujua fundisho la usingizi wa roho, yaani roho kupumzika kati ya kifo na ufufuo. Ukijua hilo, msemaji aliyelala kaburini hazungumzi tena kwa kukata tamaa, anangoja.

Hapa msomaji wetu ana nguvu kubwa. Mtu aliyekulia na Biblia, au na Kurani, anayesikia aya ndani ya sentensi kabla hajaambiwa, atasikia kwa Rossetti mambo ambayo wahakiki wengi wa leo wa London na New York hulazimika kuyatafuta katika tanbihi. Wimbo Ulio Bora, Mhubiri na Ufunuo vimo karibu kila mahali. Kitabu chake cha mwisho cha nathari, The Face of the Deep cha 1892, ni ufafanuzi wa Ufunuo aya kwa aya, uliochanganywa na mashairi. Wachache wanakisoma chote. Tasnifu inayosoma mashairi ya kitabu hicho mahali pake, kando ya aya zinazofafanuliwa, ingekuwa mchango wa kweli.

Kuhusu "Goblin Market" yenyewe, shairi la dada wawili, Laura na Lizzie, na matunda yanayouzwa na majini wa kiume, kuna usomaji wa soko na ubepari, wa ekaristi, wa mapenzi, na wa wanawake waliotupwa na jamii. Usomaji huo wa mwisho una msingi, maana Rossetti alijitolea katika nyumba ya Highgate iliyowapokea wanawake walioitwa walioanguka. Shairi hili limesomwa kwa kila nadharia iliyopo. Kama lazima uliguse, soma vina vyake: havina mpangilio uliotulia, vinakuja kwa mbio, vinakatika, vinarundikana pale matunda yanapotajwa. Muswada wake una tarehe ya Aprili 1859, mwaka mmoja tu baada ya Mwana Kupona kumtungia bintiye utendi wake katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Wanawake wawili wacha Mungu, wakionya na kufundisha kwa ushairi, katika miaka ileile, pasipo kujuana. Anayejua Kiamu, lahaja ya Lamu, vizuri na aliyeusoma utendi huo kwa miswada yake anaweza kufanya ulinganisho wa maana. Asiyejua asiushike kwa sababu tu unapendeza kwenye kichwa cha tasnifu.

Kama swali lako ni ukoloni na utumwa

Wengi wetu huja na swali hilo, na ni haki. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipohoji nafasi ya Idara ya Kiingereza pale Nairobi mwaka 1968, hakuna mtafiti wa Afrika Mashariki anayeweza kusoma washairi hawa kana kwamba hakukuwa na dola. Wengi humkimbilia Tennyson, kwa kuwa alikuwa sauti rasmi. Nadhani Elizabeth Barrett Browning (1806–1861) ana mengi zaidi ya kutoa. Utajiri wa ukoo wake ulitokana na mashamba ya Jamaica yaliyolimwa na watumwa. Kisha akatunga "The Runaway Slave at Pilgrim's Point", lililotoka Boston mwishoni mwa 1847 katika kitabu cha wapinga utumwa, ambamo mwanamke mtumwa anasema yeye mwenyewe, mbele ya wanaomwinda, jinsi alivyobakwa na jinsi alivyomwua mtoto aliyezaliwa. Umbo ni lilelile ambalo mumewe, Robert Browning, anasifiwa nalo. Je, binti wa mmiliki wa watumwa anaweza kuazima sauti hiyo? Swali ni gumu, liko wazi, na maandishi ni mafupi ya kutosha kusomwa kwa kina.

Gerard Manley Hopkins, ambaye wanafunzi humwulizia sana, namweka kando kwa sababu moja: alifariki 1889 lakini mashairi yake yalikusanywa na kuchapwa 1918 na Robert Bridges. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa watu wa karne ya 20. Ukimchagua, nusu ya utafiti wako utakuwa juu ya hao.

Umbo au historia?

Uchaguzi wa mshairi unakwenda pamoja na uchaguzi wa mbinu. Kwa miongo kadhaa wahakiki waligawanyika: wa kusoma vina, mizani na taswira bila kutoka nje ya shairi, na wa kusoma magazeti, sheria na mahubiri ya wakati ule hadi shairi likawa mfano tu. Kazi iliyonisaidia zaidi kutoka katika mgawanyiko huo ni ya Isobel Armstrong ya 1993. Anaanza na makundi mawili ya miaka ya 1830: la W. J. Fox na Monthly Repository, walikotoka mashairi ya mwanzo ya Browning, na la vijana wa Cambridge akina Hallam na Tennyson. Fox na Hallam wote wawili walimhakiki Tennyson mwaka 1831, kwa misimamo tofauti kabisa. Soma hakiki hizo mbili bega kwa bega kabla hujasoma nadharia yoyote. Utaona kwamba ubishi juu ya umbo na siasa ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

Kwa Tennyson ningependekeza umbo kwanza, historia ifuate. Kwa Browning, nyaraka kwanza. Kwa Rossetti huwezi kutenganisha, maana theolojia yake imo katika mpangilio wa vitabu na katika kurudiarudia kwa maneno.

Suala la upatikanaji ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Matoleo ya karne ya 19 yapo bure kwenye Internet Archive. Jarida la Victorian Poetry, linalotoka West Virginia University tangu 1963, linasomeka kupitia Project MUSE endapo chuo chako kimejiunga. Barua za mapenzi za Browning na Elizabeth Barrett za 1845 na 1846 zimewekwa mtandaoni kwa picha na vyuo vya Wellesley na Baylor. Matoleo ghali ni yale ya kihakiki, Ricks na Crump. Omba sura unazohitaji kupitia mkutubi mapema, maana maombi ya namna hiyo huchukua muda. Na katika pendekezo lako andika waziwazi ni toleo gani la shairi unalolinukuu, la mwaka upi, na kwa nini hilo.